Namna ya Kupima Ukuaji wa Shirika la Ndege la Taifa: Uganda Airlines kwa Hesabu za Daftari

Ndege mpya inapotua Entebbe, magari ya zimamoto huirushia maji pande mbili, viongozi hutoa hotuba, na kesho yake magazeti huandika kwamba shirika letu limekua. Mwezi mmoja baadaye, anayetaka kujua limekua kwa kiasi gani hana pa kushika. Mwongozo huu ni wa mtu huyo: mwanafunzi anayeandika tasnifu, mwandishi wa habari wa Kampala, au mlipa kodi wa Mbale anayetaka kujua fedha yake inaruka kwenda wapi. Utahitaji daftari la kurasa pana au jedwali la kompyuta, kikokotoo, ratiba ya safari za shirika, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Serikali. Kuanzisha kazi huchukua siku mbili tatu. Baada ya hapo saa moja kwa wiki inatosha.

Msimamo wetu tuuweke wazi mapema. Idadi ya ndege na idadi ya miji inayofikiwa ni vipimo dhaifu vya ukuaji. Shirika linaweza kuongeza miji mitano na kuzidi kudhoofika. Vipimo vyenye uzito ni vitatu: viti vilivyorushwa umbali gani, kila ndege iliruka saa ngapi kwa siku, na kiti kilichouzwa kilileta fedha inayolingana na gharama yake au la.

Tenganisha kampuni mbili zenye jina moja

Jina Uganda Airlines limebebwa na kampuni mbili tofauti, na ukizichanganya hesabu zote zitapinda. Ya kwanza, Uganda Airlines Corporation, iliundwa 1976 chini ya Uganda Development Corporation, ikaanza kuruka 1977, ikafilisiwa 2001. Ya pili, Uganda National Airlines Company Limited, ilisajiliwa 2018 na kuanza safari za biashara Agosti 2019, safari ya kwanza ikiwa ya Entebbe kwenda Nairobi. Hisa zake zimegawanywa nusu kwa nusu kati ya Wizara ya Fedha na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Kwenye tiketi, ratiba na karatasi za zamani, tazama herufi mbili zilizo mbele ya namba ya safari: shirika la zamani lilitumia QU, la sasa linatumia UR. Kampuni ya sasa ilianza na mtaji mpya na ndege mpya, kwa hiyo usichore mstari mmoja wa ukuaji kuanzia 1976 hadi leo. Mstari huo haupo.

Gawa daftari katika vipindi vinne.

Kipindi cha kwanza ni East African Airways, iliyoanza kuruka 1946. Mgao wake wa hisa unaeleza mengi: Kenya asilimia 67.7, Uganda 22.6, Tanganyika 9 na Zanzibar 0.7. Makao makuu na karakana kubwa vilikuwa Nairobi. Shirika hilo lilipovunjika mwanzoni mwa 1977, Nairobi ilibaki na karakana na sehemu kubwa ya ujuzi, na Kenya Airways ikazaliwa pale pale. Entebbe ilikuwa na kiwanja kizuri lakini haikuwa na karakana ya kiwango hicho. Andika jambo hilo kwa wino mzito, kwa sababu litarudi tutakapofika kwenye matengenezo.

Kipindi cha pili ni shirika la zamani, 1976 hadi 2001. Hapa watafiti wengi huandika majina ya ndege na kusahau vyanzo vya mapato. Shirika halikuishi kwa tiketi peke yake. Lilipata pia fedha za huduma za ardhini pale Entebbe: kupakia mizigo, kusukuma ndege, kuhudumia mashirika ya nje. Katika miaka ya 1990 kazi hiyo ilihamia kwenye kampuni nyingine, na shirika likabaki na upande mgumu wa biashara. Wakati huohuo Uganda iliingia ubia wa Alliance Air pamoja na South African Airways na Tanzania, wakirusha Boeing 747SP za masafa marefu. Ubia huo ulikufa 2000. Shirika lilipotangazwa kuuzwa, waliojitokeza walijitoa mmoja baada ya mwingine, South African Airways ikiwa ya mwisho. Ajali nayo isirukwe: tarehe 17 Oktoba 1988, Boeing 707 ya shirika hilo iliyotoka Gatwick, London, ilianguka Roma ikijaribu kutua katika ukungu. Watu 33 kati ya 52 walifariki. Historia ya shirika isiyotaja wafu wake haijakamilika.

Kipindi cha tatu ni pengo, 2001 hadi 2019, na usiliache tupu. Air Uganda, kampuni binafsi, ilianza kuruka 2007. Mwaka 2014, baada ya ukaguzi wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vyeti vya uendeshaji vya kampuni za Uganda viliondolewa ili zikaguliwe upya, na Air Uganda haikurudi tena angani. Mwaka 2015 British Airways iliacha Entebbe, na safari ya moja kwa moja ya London ikakatika kwa karibu miaka kumi. Abiria hawakutoweka. Walipitia Nairobi, Addis Ababa, Kigali, Dubai na Doha. Ukiandika kwa kila mwaka wa pengo nani alikuwa akibeba watu wetu, utajua soko ambalo shirika jipya lilikuja kuligombania na kwa nini wenye soko hilo hawakulilegeza.

Kipindi cha nne ni shirika la sasa.

Kwa vipindi viwili vya kwanza, magazeti ndiyo chanzo kikubwa. Tafuta Uganda Argus hadi 1972, Voice of Uganda kwa miaka ya 1972 hadi 1979, na New Vision kuanzia 1986. Maktaba kuu ya Makerere na Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu na Nyaraka kilichoko Wandegeya ndipo pa kuanzia. Kila tukio liandikie tarehe tatu: lilipotangazwa, liliporuhusiwa, na abiria wa kwanza wa kulipa alipopanda. Mfano mzuri ni Airbus A330-800. Ya kwanza ilifika Entebbe Desemba 2020 na ya pili Februari 2021, lakini njia ya Dubai, ya kwanza ya masafa marefu kwa shirika la sasa, ilianza Oktoba 2021. Katikati kulikuwa na miezi ya ukaguzi, mafunzo na ruhusa. Anayeandika "2020: safari za masafa marefu zaanza" amekosea karibu mwaka mzima, na kila asilimia atakayokokotoa baadaye itabeba kosa hilo.

Ndege: andika kwa herufi za mkia

Ukurasa wa ndege uwe na safu tano: herufi za usajili, aina, viti, tarehe ya kuwasili, na siku ilizofanya kazi ndani ya mwezi. Usiandike "ndege sita" halafu ukaishia hapo. Ndege iliyoegeshwa bila injini inahesabiwa kwenye hotuba, lakini haibebi mtu.

Herufi zote za Uganda huanza na 5X. Zinaandikwa ubavuni upande wa nyuma, na mitandao ya kufuatilia ndege huzionyesha kwa kila safari. Shirika lilizichagua kwa kupenda nyumbani: 5X-NIL ni Nile, 5X-CRN ni korongo taji kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, 5X-KOB ni yule swala aliyesimama kwenye nembo ya taifa akimtazama korongo, na 5X-EQU ni ikweta. Hata kwenye redio marubani huitwa "Crested", yaani mwenye kishungi, kwa heshima ya korongo huyohuyo. Ukizizoea herufi hizi utatambua baada ya wiki mbili tu kwamba ndege fulani haionekani, kabla hakijatoka chochote gazetini.

Viti ni hivi. CRJ900, ndege ndogo ya njia fupi, ina 76: daraja la juu 12 na la kawaida 64. Shirika lilinunua nne, mbili za kwanza zikafika pamoja tarehe 23 Aprili 2019. A330-800 ina 258: daraja la biashara 20, la kati 28, la kawaida 210. Zipo mbili. Jumlisha: 304 za ndege ndogo na 516 za ndege kubwa, jumla viti 820. Itazame namba hiyo vizuri. Asilimia 63 ya viti vyote imo ndani ya ndege mbili. Moja ikiingia karakana, karibu theluthi moja ya uwezo wa shirika hulala.

Tena, aina zenyewe zina tabia zake. Utengenezaji wa CRJ ulifungwa baada ya Mitsubishi kuununua mradi huo kutoka Bombardier mwaka 2020, kwa hiyo ndege mpya ya kuongezea familia hiyo haipatikani kiwandani. Utanunua au kukodi iliyotumika. A330-800 nayo ni chache mno duniani. Sehemu zake nyingi ni sawa na za A330-900, hivyo vipuri hupatikana, lakini kukodi ndege ya aina ileile kwa miezi miwili ili kuziba pengo ni kazi ngumu. Ndiyo maana pengo likitokea huzibwa na ndege ya aina nyingine, yenye marubani wa kampuni nyingine.

Hesabu ya viti na umbali

Zidisha viti kwa kilomita, upate viti-kilomita. Kipimo hiki huonyesha shirika limeweka bidhaa kiasi gani sokoni. Umbali ukiupima kwa mstari ulionyooka kutoka Entebbe, tumia takriban hizi: Nairobi 520, Juba 545, Johannesburg 2,940, Dubai 3,730, Mumbai 4,890, London Gatwick 6,460.

Safari moja ya Nairobi: 76 × 520 = 39,520. Safari moja ya London: 258 × 6,460 = 1,666,680. Yaani kurusha A330 mara moja kwenda London ni sawa na kurusha CRJ mara 42 kwenda Nairobi. Hapa ndipo watu hudanganyika. Njia ya London ilianza tarehe 18 Mei 2025 kwa safari nne kwa wiki. Kwenda na kurudi ni safari 8, viti 2,064, viti-kilomita milioni 13.3. Sasa chukulia Nairobi mara mbili kwa siku: safari 28 kwa wiki, viti 2,128, viti-kilomita milioni 1.1. Idadi ya viti inakaribiana, lakini London inaonekana kubwa mara kumi na mbili. Msemaji akitaja viti-kilomita, shirika limepaa. Akitaja abiria, limesogea kidogo. Wote wawili wanasema kweli. Wewe andika vipimo vyote viwili kila mwezi, na ukiona taarifa inataja kimoja tu, kitafute cha pili kabla ya kuiamini.

Safari za pembetatu zina mtego wake. Ndege ikitoka Entebbe, ikatua mji wa kwanza, ikaendelea mji wa pili, ndipo ikarudi, hizo ni safari tatu, na kila moja ina viti na umbali wake. Ukihesabu kama safari mbili utapunguza uwezo. Ukihesabu abiria wa mji wa pili mara moja tu, utapunguza ujazo. Ramani ndogo ya pembetatu iliyochorwa pembeni ya ukurasa huondoa utata wote.

Saa za ndege kwa siku

Ndege ya abiria hugharimu fedha ikiwa angani na ikiwa imeegeshwa. Bima, mishahara na uchakavu havilali. Kwa hiyo hesabu saa tangu ndege inaposukumwa kutoka maegeshoni hadi inapozima injini upande wa pili, ujumlishe za wiki nzima, kisha ugawanye kwa siku za ndege. Ndege mbili kwa wiki ni siku 14.

Mfano wa A330. London kwenda na kurudi tuweke saa 17 na nusu. Mara nne ni saa 70. Gawanya kwa 14: saa 5 kwa ndege kwa siku. Hicho ni kidogo sana, kwani mashirika ya masafa marefu hulenga 13 na zaidi. Ongeza Dubai mara tano kwa wiki, saa 10 na nusu kila mzunguko, unapata 52.5. Ongeza Mumbai mara tatu, saa 13 kila mzunguko, unapata 39. Jumla 161.5, na ukigawa kwa 14 inakuja saa 11 na nusu. Sasa ndege zinafanya kazi kweli. (Idadi ya safari za Dubai na Mumbai hapa ni ya kufundishia, wewe weka za ratiba ya msimu husika.)

Rudia sasa hesabu hiyohiyo ndege moja ikiwa karakana. Saa 161.5 kwa siku 7 ni saa 23 kwa siku. Haiwezekani. Ndege inahitaji kusafishwa, kupakiwa, kukaguliwa, na kati ya safari ndefu husimama saa mbili au zaidi. Kwa hiyo kitu lazima kikatwe, na hukatwa njia inayoingiza fedha kidogo au ile ambayo abiria wake wanaweza kuhamishiwa shirika jingine kwa urahisi. Abiria anayeambiwa kwamba safari imeahirishwa "kwa sababu za kiuendeshaji" mara nyingi anasikia matokeo ya hesabu hii. Ratiba iliyojazwa hadi saa 11 na nusu kwa ndege mbili haina akiba, na shirika dogo lisilo na ndege ya ziada linapaswa kuacha nafasi. Tunaamini saa 9 au 10, zinazotimizwa kila siku, zina faida kuliko 12 za kwenye karatasi.

CRJ husomwa tofauti. Entebbe–Nairobi ni kama dakika 70, halafu dakika 50 za kushusha na kupakia: saa mbili kwa kila safari. Katika siku ya saa 14 utapata safari 7, sawa na saa 8 na dakika 10 angani. Usiilaumu ndege ya njia fupi kwa kutofika saa 13. Badala yake hesabu pia mara ilizotua, kwa sababu matairi, breki, miguu ya ndege na sehemu nyingi za injini huchoka kwa idadi ya kuruka na kutua.

Kuhusu injini, A330-800 hutumia Trent 7000 ya Rolls-Royce na CRJ900 hutumia CF34 ya General Electric. Injini za kizazi kipya zimekuwa zikishushwa kwa matengenezo mapema kuliko ilivyotarajiwa, duniani kote, na foleni za karakana ni ndefu. Mwenye ndege mia hubadilisha injini kati ya ndege zake. Mwenye ndege mbili hungoja. Hapa ndipo ule urithi wa 1977 unaporudi: ukaguzi mdogo hufanyika nyumbani, ule mzito hufanyika nje, na ndege inayopelekwa nje kwa ukaguzi hutumia mafuta na saa za kuruka bila abiria. Siku hizo ziandikwe kwenye safu ya mwisho ya ukurasa wa ndege, pamoja na sababu.

Ujazo wa viti, na wastani unaopotosha

Ujazo ni abiria waliolipa gawanya kwa viti. Abiria 45 kwenye CRJ ni asilimia 59. Shida huanza kwenye wastani. Chukulia Nairobi imejaa asilimia 80 na London 50. Wastani wa haraka ni 65, na wengi huandika hivyo. Lakini ukizidisha kila ujazo kwa viti-kilomita vya njia yake, milioni 1.1 na milioni 13.3, kisha ukagawa kwa jumla, unapata asilimia 52. Tofauti ya pointi 13 imetoka hewani.

Ujazo peke yake bado hausemi kama fedha imepatikana. Tafuta kiwango cha kujilipa. Chukulia safari moja ya CRJ inagharimu dola 6,000 na nauli ya wastani inayobaki kwa shirika ni dola 110. 6,000 gawanya kwa 110 ni 54.5, yaani abiria 55, sawa na asilimia 72. Chini ya hapo kila safari inakula mtaji. Uwe mwangalifu na neno "inayobaki": bei ya tiketi ina kodi na tozo za viwanja ambazo shirika hukusanya na kuzipeleka kwa wenyewe. Toa hizo kwanza, kisha toa kamisheni ya wakala. Nauli ya matangazo, ile ya msimu wa kuzindua njia, usiifanye wastani.

Mafuta ni sehemu kubwa ya gharama, na Uganda haina bahari. Mafuta ya ndege hutoka pwani ya Kenya kwa bomba na malori kabla ya kufika Entebbe, hivyo huwa ghali kuliko bandarini. Shirika linaweza kujaza ziada Mombasa au Dubai na kurudi nayo, lakini uzito una gharama: kwa kawaida asilimia 3 hadi 4 ya mafuta ya ziada huteketea kwa kila saa ya kuyabeba. Safari ya saa tano itakula kati ya asilimia 15 na 20 ya ziada hiyo. Ikiwa tofauti ya bei ni ndogo kuliko hapo, ujanja huo ni hasara.

Shehena isisahauliwe. Tumbo la A330 hubeba tani kadhaa za samaki, maua, matunda na mboga kwenda Ulaya na Ghuba, na njia yenye abiria wachache inaweza kusimama kwa mgongo wa shehena. Ila itazame pande zote mbili. Ndege inayotoka imejaa na kurudi tupu ina nusu ya hadithi.

Vitabu vya fedha

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza 1 Julai na kuishia 30 Juni. Ratiba za ndege duniani zina misimu yake, wa kiangazi kuanzia mwishoni mwa Machi na wa baridi kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Kwa hiyo njia ya London, iliyoanza Mei 2025, imeingia mwaka wa fedha 2024/25 kwa wiki sita tu. Gharama za kuandaa njia zilikuwa zimeshalipwa, mapato yalikuwa hayajakomaa. Usiihukumu kwa mwaka huo.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilionyesha hasara ya shilingi bilioni 324.9 kwa 2022/23 na bilioni 237.8 kwa 2023/24. Imepungua bilioni 87.1, kama asilimia 27. Hapo ndipo wengi huacha, wakati kazi ndiyo kwanza imeanza. Fanya mambo manne.

Kwanza, toa uchakavu. Ndege zilinunuliwa, na kila mwaka sehemu ya thamani yake huandikwa kama gharama bila fedha kutoka benki. Mfano: ndege ya dola milioni 100, miaka 20, ikibaki na thamani ya asilimia 10, hupoteza dola milioni 4.5 kwa mwaka. Kwa shilingi 3,700 kwa dola ni bilioni 16.65. Ukiondoa uchakavu utaona ni kiasi gani cha fedha taslimu kilichoteketea kweli. Usiutupe uchakavu huo lakini, ndege huzeeka, na atakayeinunua nyingine ni mlipa kodi yuleyule.

Pili, tenganisha mapato na mtaji. Fedha inayotoka Hazina kuongeza hisa si mapato, hata kama imeingia akaunti ileile. Tatu, tazama tiketi zilizouzwa ambazo abiria wake hawajasafiri. Tiketi ya Agosti iliyouzwa Juni ni deni kwa abiria mpaka atakaposhuka upande wa pili. Shirika linalotumia fedha hiyo kulipia mafuta ya leo limekopa bila kuandika mkopo.

Nne, sarafu. Mafuta, vipuri, bima na mafunzo ya marubani hulipwa kwa dola. Sehemu ya tiketi huuzwa kwa shilingi au naira. Shirika lilianza kwenda Lagos Oktoba 2023, mwaka ambao Nigeria ilikuwa mfano mkubwa duniani wa fedha za mashirika ya nje kukwama benki kwa uhaba wa dola. Mauzo yanaweza kuwa mazuri kwenye vitabu huku fedha yenyewe ikiwa haijavuka mpaka. Tafuta mstari wa wadaiwa kwenye maelezo ya hesabu, uone umeongezeka haraka kuliko mauzo au la.

Ruhusa, kwa ufupi

Kila njia mpya inahitaji makubaliano kati ya serikali mbili, cheti cha uendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, idhini ya usalama ya nchi inayotuliwa, na saa ya kutua kiwanjani. Heathrow imejaa na saa zake ni ghali mno, ndiyo maana wengi wanaoanza hutua Gatwick. Njia ikichelewa, uliza ni ipi kati ya ruhusa hizo nne haijapatikana. Jibu la "tunakamilisha taratibu" lisiingie daftarini.

Kazi ya kila wiki

Jumatatu, nakili safari za wiki iliyopita kutoka mtandao wa kufuatilia ndege: namba ya safari, herufi za mkia, saa ya kuondoka iliyopangwa na ya kweli. Iliyokatwa iandikwe kwa rangi nyekundu. Mstari mmoja wa daftari unaweza kusomeka hivi: namba ya safari, 5X-CRN, Entebbe–Dubai, viti 258, kilomita 3,730, imechelewa dakika 55. Ukiona mkia usioanza na 5X kwenye safari ya UR, hiyo ni ndege ya kukodi iliyokuja na marubani na wahudumu wake. Iandike kando, kwa sababu hulipwa kwa saa na kwa kiwango cha chini cha saa kwa mwezi, iruke isiruke.

Mwezi ukiisha, jumlisha viti, viti-kilomita, saa kwa ndege, na asilimia ya safari zilizokatwa. Linganisha na mwezi uleule wa mwaka uliopita. Desemba na Novemba havilinganishwi, kwa kuwa Desemba watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Mwaka 2020 uwekee alama ya pekee: safari zilisimama Machi kwa sababu ya korona na Entebbe ikafunguliwa tena Oktoba, kwa hiyo ukuaji wowote unaopimwa kutoka mwaka huo utaonekana wa ajabu.

Ukifika 30 Juni, funga ukurasa. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu hufika Bungeni kuelekea mwisho wa Desemba. Itakapotoka, weka hesabu zako kando ya zake. Tofauti ikizidi asilimia 5, anza kutafuta kwenye ndege za kukodi, kisha kwenye safari za pembetatu.